Fundi wa Mfumo na Mlinzi wa Data: Mgawanyo wa Mamlaka katika Kompyuta Kuu



Katika kila kituo cha kompyuta kuu kuna watu wawili ambao mgeni huwadhania wanafanya kazi moja. Wote hukaa mbele ya skrini ile ile nyeusi yenye maandishi ya kijani, wote hupigiwa simu usiku wa manane, na wote wana mamlaka ambayo karani wa benki hana. Mmoja ni mwanaprogramu wa mfumo, mwingine ni msimamizi wa mfumo. Nimeombwa nieleze wanatofautiana vipi. Jibu fupi, lile linalofundishwa katika vitabu vya mafunzo vya IBM, ni kwamba wa kwanza hutunza mfumo wenyewe, na wa pili hutunza data ya biashara iliyomo ndani yake. Jibu hilo ni sahihi. Ila halisemi kwa nini watu hawa walitenganishwa, wala halisemi kwamba utengano wao, ukiuchunguza kwa undani wa kiufundi, ni dhaifu upande mmoja kuliko wa pili. Hayo mawili ndiyo yaliyonileta hapa, maana taasisi inayoyapuuza inaweka rehani fedha na siri za watu ambao hawajui hata kwamba kazi hizi zipo.

Tuanze na mkongwe kati yao. Mwanaprogramu wa mfumo alizaliwa kabla kampuni za kompyuta hazijazoea kuuza mfumo endeshi pamoja na mashine. Mwaka 1955 mashirika yaliyokuwa yameagiza kompyuta ya IBM 704 yalikutana California na kuunda chama chao, SHARE, ili wagawane programu badala ya kila mmoja kuandika zake upya. Mwaka uliofuata General Motors na North American Aviation, mtengeneza magari na mtengeneza ndege, waliandika pamoja GM-NAA I/O, mmoja wa mifumo endeshi ya mwanzo kabisa duniani. Zingatieni walioandika ni nani: ni wateja. Mwanaprogramu wa mfumo wa namna hiyo alikuwa mwajiriwa wa kiwanda aliyehitaji mashine yake ifanye kazi bila kukaa bure kati ya programu moja na nyingine.

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, na pamoja nayo ukaja OS/360, mfumo uliosimamiwa na Fred Brooks, ambaye baadaye aliandika kitabu mashuhuri kuhusu taabu ya kuujenga. Hata hapo wateja hawakuacha kuandika. Huko Houston, kwenye kituo cha safari za anga za juu cha NASA, wahandisi wa IBM waliokuwa wakihudumia kituo hicho waliona mfumo rasmi unapanga foleni za kazi na uchapaji kwa uzembe. Wakaandika wa kwao, HASP, ambao herufi yake ya kwanza ni ya Houston. Ulipendwa mno na vituo vingine hata IBM ikaupokea, na mrithi wake, JES2, ndiye anayepokea kazi katika mashine nyingi zenye z/OS, mfumo endeshi wa kompyuta kuu za IBM, hadi leo. Ujumbe wake kwa mwendeshaji bado unaanza na alama ya dola na herufi HASP. Kila usiku, katika mabenki yaliyojengwa miongo kadhaa baada ya safari za mwezini, mashine inaandika jina la Houston maelfu ya mara.

Miaka ile msimbo wa programu ulikuja pamoja na mashine. Mwanaprogramu wa mfumo aliusoma, na asipopendezwa na jambo alilibadilisha. Ubora wa kituo ulipimwa kwa ubora wa mabadiliko yake. Lakini kila toleo jipya lilipokuja, mabadiliko yote yalipaswa kuwekwa upya, na mara nyingi aliyeyaandika alikuwa ameshahama. Mwaka 1983 IBM ilitangaza sera mpya: tangu sasa programu zitatolewa kwa lugha ya mashine tu, msimbo wake utabaki kwa kampuni. Wanachama wa SHARE walipinga kwa nguvu. Sera haikubadilika, na kazi yenyewe ndiyo iliyobadilika. Badala ya kukata na kushona ndani ya mfumo, fundi alibakiwa na sehemu maalumu ambapo mfumo husimama kidogo na kuita programu ya mteja: kazi inapoanza, kazi inapokwisha, mtu anapoomba kumbukumbu kubwa kupita kiasi. Programu hizo huandikwa kwa lugha ya Assembler, na ni chache, lakini zinakaa moyoni mwa mashine.

Kazi yake kubwa leo ni utunzaji. Anaweka mfumo endeshi na bidhaa zake, anaandika vigezo katika maktaba iitwayo SYS1.PARMLIB, anaamua mashine iwashwe vipi na kutoka diski ipi, anagawa nguvu za kichakataji kati ya kazi za haraka na zinazoweza kusubiri. Viraka vinavyotoka IBM anaviingiza kwa chombo kiitwacho SMP/E, ambacho ni daftari la kila kipande cha mfumo na historia yake. Hatua zake zina nidhamu ninayoiheshimu sana. Kwanza unapokea kiraka, halafu unakiweka katika maktaba zinazotumika, na baada ya kuridhika tu ndipo unakikubali jumla. Kabla ya kukubali, njia ya kurudi nyuma ipo wazi. Mfumo umejengwa na watu waliotambua kwamba kurudi nyuma ni kazi kamili inayotaka maandalizi yake. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu kuna benki iliyolipa paundi milioni 56 katika kujifunza hilo.

Msimamizi ni mtoto wa miaka ya 1970. Wakati kazi zililetwa kwa kadi dirishani, ulinzi ulikuwa mlango wa chumba na karani wa dirishani. Vituo vya mbali vilipounganishwa, na kanzidata kama IMS zikaanza kuhudumia mamia ya watu kwa wakati mmoja, swali likawa jipya: huyu aliyeingia kwa waya ni nani, na anaruhusiwa kusoma nini? Jambo linalonigusa katika historia hii ni kwamba waliolipigania jibu walikuwa wanaprogramu wa mfumo wenyewe. Mwaka 1972 Barry Schrager alianzisha ndani ya SHARE kikundi cha usalama, kikaandika mahitaji na kuyapeleka IBM. IBM ilitoa programu ya ulinzi, RACF, mwaka 1976. Schrager hakuridhika: faili ambalo hakuna aliyelitaja lilibaki wazi, naye alitaka kinyume chake, kwamba kila kitu kifungwe mpaka mtu afunguliwe. Pamoja na wenzake wawili, Eberhard Klemens na Scott Krueger, akatengeneza ACF2, mshindani wa RACF, katika kampuni ya bima huko London, Ontario. Ndiyo kusema mafundi waliokuwa na mamlaka yote juu ya mashine waliomba, na wakajenga, chombo cha kumpa mtu mwingine kauli juu ya nani aingie.

Mtu huyo mwingine ndiye msimamizi. Katika kituo kikubwa huwa si mmoja. Yupo msimamizi wa usalama, anayefungua akaunti, kurudisha nywila iliyofungwa, na kuandika kwamba kundi fulani linaweza kusoma faili la mishahara lakini haliwezi kuliandika. Yupo msimamizi wa kanzidata, anayejua kila jedwali la Db2 na ukubwa wake. Yupo msimamizi wa hifadhi, anayeangalia diski na tepu. Baadhi yao hutoka upande wa biashara au ukaguzi, na wanajua jambo ambalo fundi mara nyingi halijui: faili hili ni la nani, na likipotea atakayeumia ni nani. Nimewahi kusikia vijana wakisema kazi hii ni ya wale walioshindwa Assembler. Ni dharau isiyo na msingi. Kuamua nani aone deni la nani ni kazi ya dhamana kubwa, na mtu anayeifanya vizuri ni adimu kama fundi hodari.

Mkitaka kuona tofauti yao ikiwa hai, njooni saa nane usiku, kazi ya benki inapokatika katikati. Mashine huacha namba. Ikiwa S913, RACF imekataza ufikiaji wa faili. Anaamshwa msimamizi wa usalama, na swali lake la kwanza ni kama kazi hiyo ilistahili kukatazwa. Ikiwa SB37, nafasi ya diski imekwisha. Simu inakwenda kwa msimamizi wa hifadhi. S0C7 maana yake programu imekuta herufi mahali ilipotarajia tarakimu, na hapo fundi na msimamizi wote wawili wanalala, anaamka aliyeandika programu ya mikopo. S0C4 ni programu iliyogusa kumbukumbu isiyo yake. Mara nyingi nayo ni kosa la programu ya kawaida, lakini ikitokea ndani ya moduli ya mfumo, mwanaprogramu wa mfumo anaitwa. Anafungua nakala ya kumbukumbu iliyopigwa dakika ile, maelfu ya mistari ya namba za msingi wa 16, na kuanza kufuata anwani moja baada ya nyingine hadi aone nani alikanyaga wapi. Nimewaona watu wakifanya hivyo kwa saa nyingi bila kunyanyua kichwa. Na katika saa hizo zote hawakuhitaji kujua jina la mteja hata mmoja wa benki.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Fundi ana uwezo juu ya kila kitu na hana shughuli na data ya mtu yeyote. Msimamizi ana shughuli na data na watu, lakini hana uwezo juu ya mashine. Wakaguzi hutaka hivyo, kwamba pasiwepo mtu mmoja mwenye njia isiyo na mipaka. Lakini mipaka hiyo miwili haikujengwa kwa udongo mmoja, na ni lazima tuseme hivyo waziwazi.

Mtazameni msimamizi wa usalama kwanza. Katika RACF hupewa sifa iitwayo SPECIAL. Inamruhusu kubadilisha ruhusa za wote, lakini haimpi haki ya kusoma faili la mishahara. Akitaka kulisoma lazima ajiandikie ruhusa, na amri zake zinaweza kuandikwa zote katika kumbukumbu za matukio ya mfumo, ziitwazo SMF. Nani anaamua ziandikwe? Mkaguzi, mwenye sifa nyingine, AUDITOR, ambaye maagizo yake msimamizi hawezi kuyafuta kwa sifa yake ya SPECIAL. Mpaka huu unashikiliwa na mashine yenyewe.

Sasa mtazameni fundi. Kichakataji cha kompyuta kuu kina hali mbili, ya programu za kawaida na ya usimamizi, na kila kipande cha kumbukumbu cha kilobaiti 4 kina namba ya ufunguo, kati ya 0 na 15. Programu zenu na zangu hupewa ufunguo namba 8. Kiini cha mfumo hutumia 0, na mwenye 0 huandika popote. Kuna orodha ya maktaba zilizoidhinishwa, ziitwazo maktaba za APF, na programu iliyowekwa humo kwa idhini hiyo inaweza kuomba hali ya usimamizi ikapewa. Anayetunza maktaba hizo ni mwanaprogramu wa mfumo. Kwa hiyo anaweza, kwa programu fupi tu, kubadilisha sehemu ya kumbukumbu inayobeba utambulisho wake, na kuanzia hapo RACF itamwona ni mtu mwingine. Aliyechonga kitasa hahitaji ufunguo. IBM ilitoa tamko lake la uadilifu wa mfumo mwaka 1973, na maneno yake yalipimwa kwa makini: inaahidi kwamba programu isiyoidhinishwa haitaweza kuzunguka ulinzi, na kwamba njia za kuidhinisha ziko mikononi mwa mteja. Kuhusu programu ambazo mteja mwenyewe ameziidhinisha, hakuna ahadi.

Basi mpaka wa msimamizi unalindwa na mashine, na mpaka wa mwanaprogramu wa mfumo unalindwa na watu: na uaminifu wake, na mwenzake anayeangalia kazi yake, na kumbukumbu zinazotoka nje ya mashine kabla hajaweza kuzigusa. Sisemi haya kuwatilia shaka mafundi. Nawajua wengi, na ni watu ninaowaamini. Nasema hivi kwa sababu ni wao wanaobeba lawama mfumo wa uangalizi unapokosekana. Fundi asiye na kumbukumbu za kuthibitisha kazi yake hana namna ya kujitetea siku fedha zikipotea.

Kwamba upande huu unahitaji uangalizi si nadharia. Mwaka 2012 iligunduliwa nchini Sweden kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika kompyuta kuu ya kampuni ya Logica, iliyohudumia taasisi za serikali. Walinakili kanzidata ya RACF na kuvunja nywila nyingi wakiwa kwao, na walitumia pia udhaifu katika programu zilizokuwa zikiendeshwa kwa mamlaka ya juu. Hukumu ya hatia ilitolewa mwaka 2013. Ona namna milango miwili ilivyohusika: nywila ni za msimamizi, programu zenye mamlaka ni za fundi. Aliyelinda mlango mmoja tu hakuwa amelinda kitu.

Hatari nyingine haina mvamizi ndani yake, na ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi. Jumapili tarehe 17 Juni 2012, kitengo cha teknolojia cha kundi la benki la RBS nchini Uingereza kiliweka toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku. Hiyo ni kazi ya upande wa mfumo kabisa. Haimgusi mteja yeyote kwa jina. Kesho yake matatizo yakaonekana. Jumanne ikaamuliwa warudi kwenye toleo la zamani, bila kwanza kujaribu urejeshaji huo utaleta nini. Matoleo mawili hayakuelewana. Kazi za usiku katika benki husubiriana: riba haiwezi kukokotolewa kabla ya miamala kuingizwa, na usiku mmoja ukishindwa, mzigo wake unaangukia usiku unaofuata. Wateja milioni 6.5 waliathirika. Wapo waliokwama nchi za nje bila fedha taslimu, wapo walioshindwa kulipa rehani za nyumba kwa wakati, na yapo makampuni yaliyoshindwa kulipa mishahara. Wateja wa Ulster Bank, benki ya kundi hilo hilo, walisubiri wiki kadhaa. Novemba 2014 wasimamizi wa sekta ya fedha walilitoza kundi hilo faini ya paundi milioni 42 na nyingine ya milioni 14.

Nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nasimama pale pale, kwenye Jumanne ile. Uamuzi wa kurudi nyuma ulionekana kuwa wa kiufundi tu, wa upande wa fundi. Lakini swali lililopaswa kuulizwa lilikuwa la upande wa pili: ni data ya nani iko katikati ya safari hivi sasa, na ikikatika hapa itasimama wapi? Wenye jibu la swali hilo ni wasimamizi wa data na wapangaji wa uzalishaji. Mgawanyo wa mamlaka haukuwekwa ili watu wasisemezane. Uliwekwa ili pawepo watu wawili wa kusemezana.

Katika ulimwengu wa Unix, uliozaliwa Bell Labs mwaka 1969 kwenye mashine ndogo za watafiti wachache, mambo yalikuwa tofauti. Mtumiaji mmoja, root, alikuwa fundi, msimamizi na mlinzi kwa pamoja, na kwa kikundi cha watu waliojuana ilitosha. Vijana wengi wanaoingia kazini leo wamelelewa na root, na wanapofika kwenye kompyuta kuu wanaona mgawanyo huu ni urasimu wa wazee. Waajiri nao, wazee wanapostaafu na mafundi wapya kuwa wachache, wanaona njia rahisi ni kuunganisha nafasi mbili katika mshahara mmoja. Naelewa shida yao. Hata hivyo naipinga njia hiyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu wanachounganisha si nafasi mbili za kazi tu. Ni uwezo wa kubadilisha rekodi na uwezo wa kufuta alama ya aliyebadilisha.

Mtaniuliza: taasisi yenye watu wanne tu ifanyeje? Inawezekana, na sharti lake ni mpangilio zaidi ya fedha. Fundi asiwe na sifa ya SPECIAL katika akaunti yake ya kila siku. Pakitokea dharura inayoihitaji, iwepo akaunti ya dharura ambayo nywila yake imefungwa kwa mtu wa tatu, inafunguliwa kwa saini na kubadilishwa baada ya kutumika. Msimamizi wa usalama asiwe na ruhusa ya kuandika katika maktaba za APF wala SYS1.PARMLIB. Kumbukumbu za SMF zitumwe nje ya mashine kadiri zinavyoandikwa, kwa kuwa vigezo vya SMF vyenyewe viko mikononi mwa fundi. Kila badiliko la mfumo liambatane na jaribio la kurudi nyuma lililofanyika kweli katika mashine ya majaribio, na karatasi yake isainiwe na mtu wa upande wa data aliyeelezwa kazi zipi zitakuwa njiani saa hiyo.

Na mkaguzi anapofika, hata asiyejua Assembler, aanze na ombi moja: majina ya wote wanaoweza kuandika katika maktaba zilizoidhinishwa, yatolewe na msimamizi, kisha yatolewe upya na fundi kutoka upande wake. Orodha mbili ziwekwe mezani pamoja. Majina yanayoonekana katika moja na kukosekana katika nyingine ndiyo ya kushughulikiwa asubuhi hiyo hiyo.